Jarida Lililotoka Bila Mimi

Nilipangiwa kufundisha Balangdalalu nikitokea Tanga, nikaolewa huko huko na mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Masakta, kijiji cha jirani. Kabla sijazoea baridi ya asubuhi, mkuu wa shule akanikabidhi jarida la wazazi. Lilikuwa la kurasa chache tu, linatoka kila mwezi. Wanafunzi walilipeleka nyumbani wakawasomea bibi na babu ambao simu zao ni za kupiga na kupokea tu.

Kila mwezi nilianza upya. Nafungua faili la mwezi uliopita, nafuta, nabandika. Picha moja ikisogea kidogo, habari nzima inakimbilia ukurasa wa pili. Herufi zinabadilika zenyewe. Jumamosi zangu ziliishia mbele ya ile kompyuta ya shule, nikiomba umeme usikatike.

Nilipokuwa mjamzito, makamu mkuu aliniambia, "Mwalimu, jarida hili ni wewe. Ukienda likizo ya uzazi, limekufa."

Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yale yalinichoma.

"Halifi," nikamjibu.

Tangu siku hiyo, kila nilipokuwa sina kipindi, nilikuwa natengeneza kiolezo, yaani faili la mfano ambalo mtu yeyote angelijaza tu. Jina la jarida, nembo na namba za kurasa niliviweka kwenye ukurasa mkuu, ule ambao kurasa nyingine zote zinaufuata, ili mtu asiweze kuvivuruga. Nikapanga mitindo ya maandishi: ukibonyeza mara moja, kichwa cha habari kinakuwa kichwa cha habari. Kwenye kila kisanduku kitupu nikaandika maelekezo: "Bandika neno la mkuu wa shule hapa." "Picha moja tu, iwe ya kulala, si ya kusimama." Mwisho nikalihifadhi faili kama kiolezo. Kila ukilifungua, programu inakupa nakala mpya isiyo na jina, na lenyewe linabaki lilivyo.

Nikamwita mwalimu wa baiolojia, kaka mmoja kutoka Rufiji, ambaye angenishikia jarida nikiwa likizo.

"Dada, mimi na kompyuta tunasalimiana tu," akasema.

"Kaa. Usinisikilize mimi, fuata maandishi."

Akabandika habari ya mahafali. Ikajipanga kwenye safu zake. Akajaribu kwa makusudi kulivuta jina la jarida pembeni.

"Mbona halisogei?"

"Ndivyo nilivyotaka."

Alicheka hadi walimu wengine wakaja kuangalia. Kila mmoja akataka kujaribu.

Nilijifungua mtoto wa kike, nikapumzika Masakta kwa mama mkwe. Alininywesha uji wenye samli na hakuniruhusu kushika hata ufagio. Mwezi ulipokaribia kuisha nilianza kuhangaika. Nikishika simu nimpigie yule kaka, naiweka chini. Nilijua nikipiga nitaanza kuelekeza.

Akanipigia yeye. "Dada, limetoka! Nimeanza baada ya chakula cha mchana, kabla ya kengele ya mwisho nikawa nimemaliza!"

Jioni mume wangu alirudi na nakala. Nilikagua kurasa zote kama ninayesahihisha mtihani. Safu zilikuwa zimenyooka, picha zimekaa mahali pake. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na kisanduku ambacho sikukitengeneza mimi. Wenzangu walikuwa wamekiongeza wenyewe, kwa herufi zile zile nilizozichagua: shule inampongeza mwalimu wetu kwa kujifungua salama mtoto wa kike.

Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani. Mama mkwe akaja mbio akidhani mtoto ana jambo.

"Kuna nini?"

"Mama, jarida limetoka! Wamelitengeneza bila mimi, na mtoto wamemtaja!"

Akalichukua, akalisogeza karibu na dirisha. Yeye hajui kusoma, ila aliangalia kila ukurasa taratibu, kisha akanirudishia.

"Nisomee pale wanapomtaja mjukuu wangu."

Nikamsomea. Akasema nirudie, safari hii kwa sauti ya juu, maana jirani alikuwa anapita nje.