Chungu Kiliponyamaza, Nikamnyamazisha Mkwe Wangu

Nimekosa, wenzangu! Na kosa ni la haya masikio yangu mawili niliyokuwa nikiyajivunia. Jina sitawapa. Watu wa Kigwena watanijua tu, na wacheke wanavyotaka.

Mimi ndiye nilikuwa nikisikiliza vyungu vya mawese vya mtaa mzima. Wakati wa kukanyaga ngazi, haya matunda ya mchikichi, tunaimba, tena kwa nguvu, maana miguu inapenda wimbo. Lakini mafuta yakipanda motoni mara ya mwisho, kimya! Maji yakiwa bado ndani, chungu kinapiga kelele, chrr chrr. Yakiisha, kinanyamaza. Hapo hapo unatoa moto. Ukichelewa kidogo, yameungua, hakuna wa kuyala.

Basi, siku nne kabla ya harusi ya mjukuu wangu, mafuta ya karamu yako motoni, kapita mpiga zeze wa Ujiji, anakwenda Usumbura kwenye boma la Wadachi. Nikamkaribisha apumzike.

"Bibi, nipige au ningoje chungu?" Mtu wa adabu!

"Piga! Sikio moja la chungu, moja la zeze."

Uongo mtupu! Angepiga nyuzi peke yake, labda ningeweza. Lakini aliimba kisa: mwanamke mumewe kaenda na msafara, miaka imepita, siku moja anasikia hodi mlangoni. Mwili wangu uko jikoni, akili iko kwenye ule mlango!

Mkwe wangu Zaina, mke wa mwanangu na mama wa bi harusi, akasema, "Mama, chungu kimenyamaza."

"Na wewe nyamaza! Niache nisikie kama ni mume."

Loo! Moshi ndio ulinijibu. Mafuta meusi, machungu kama shubiri. Watu wakaja mbio, na mimi kwa kiburi changu nikapiga kelele: "Ni huyu Zaina! Kajaza kuni kama anachoma vyungu!"

Zaina alijifunga nguo yake, akaenda kwa baba yake Rumonge.

Mafuta mengine majirani walitugawia. Lakini mama wa bi harusi, utamwazima kwa nani? Mjukuu wangu akanikazia macho: "Bibi, mama asiporudi, mimi humu ndani sitoki. Huyo bwana harusi akuoe wewe."

Nikatembea mpaka Rumonge na magoti yangu haya. Mbele ya nyumba nzima nikamwambia baba yake Zaina: "Bamwana, mukwe mwenzangu, mutoto wako alisikia chungu. Mimi ndiye nilimunyamazisha, halafu nikamusingizia."

Mdomo wangu haujapata kubeba mzigo mzito kama ule!

Mzee, ambaye Zaina alikuwa keshamsimulia ule wimbo, akakuna ndevu. "Na yule mume, alirudi?"

"Sijui! Moshi ulinitoa mapema."

Zaina, aliyekuwa kanipa mgongo, ndiye alicheka wa kwanza. Tukarudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nachechemea.

Leo vyungu vinapelekwa kwa Zaina. Mimi naitwa kukanyaga tu, na huko naimba nitakavyo.

Kwa hiyo wenzangu, kwenye jembe na kwenye ngazi, imbeni! Ila kazi inayotaka sikio na akili, mwambie wa zeze angoje, hasa kama wimbo wake una kisa. Na mkwe wako akikuambia chungu kimenyamaza, mwache mume wa watu abishe hodi mpaka achoke.

Toa moto!