Mutoto wa Udongo Pale Barrière

Municheke tu, mi nimezoea, juu mupaka leo kule kwetu Gisenyi watu wananiita Mama Budha.

Ilikuwa hivi: muzee mumoja Muchina nilikuwa namupikia Goma alikuwa anarudi kwao, njo akanipa sanamu yake ya mutawa wa dini ya Budha, ya udongo wa kuchomwa, rangi ya kijani na ya asali, inang'aa sawa kioo (kichwa bila unywele, masikio marefu, anatabasamu kidogo). Akaniambia, "Mama, polepole, asivunjike." Bon, pikipiki inarusha, na mu kapu atagongwa, donc nikamubeba mugongoni na kitenge sawa mutoto, nikamufunika kichwa jua isimuunguze.

Kufika Grande Barrière, pale kwenye mupaka ya Goma na Gisenyi, mustari murefu. Mama mumoja akasema, "Mupishe huyu, iko na mutoto muchanga." Si ningesema ni sanamu? Nikapita mbele, hata nikamutikisa kidogo, "shii, lala papa" (aibu gani!). Sasa muuza nyanya mumoja akaona muguu imetoka inje, akaishika amufunike.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mutoto iko baridi! Amekuwa mugumu!"

Weee! Kilio ikapanda, wamama mikono kichwani, mumoja ameshaanza kuomba, mi nasema hapana, hapana, nani anasikia? Na mama yangu anauzaga sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa, hapo hapo upande wetu, akasikia mutoto wa Furaha (njo mi) amekufa, akaacha samaki, akakuja mbio miguu peku. Mujue kwanza: nimeolewa miaka mingi, sijapata mutoto, na Mama anapandaga mupaka kanisa ya Nyundo kuniombea juu ya ile tu.

"Furaha, ulizaa? Ulizaa ukanificha?" Analia huku anacheka. Ile sauti njo iliniumiza kuliko aibu yote.

Nikafungua kitenge. Kipara ikang'aa, watu wakaangua kicheko, hata polisi akashika tumbo. Mama peke yake hakucheka. Alimuangalia, akamupangusa vumbi kwenye uso.

"Unisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Umechoka. Lete."

Akainama, nikamufunga mugongoni kwake, akapanda naye mupaka nyumbani, anamupigapiga matako polepole, na wenye kucheka anawajibu, "Musimuamushe."

Nimeapa, sitabeba tena sanamu mugongoni. Lakini Mama akikuja kwangu, mbele ya kunisalimia, anauliza kama mujukuu amekula.