Mradi wa Maji wa Darasa la Saba

Muhula huu chuo ninachosomea ualimu hapa Lodwar kilinituma Kakuma kwa mazoezi ya kufundisha, na nikapangiwa shule ileile niliyosomea utotoni. Mada ya kwanza niliyopewa ilikuwa majukumu ya serikali. Niliandika kichwa ubaoni, nikageuka, nikawaona watoto wameshika kalamu wakiningoja, nami nikaiweka chaki mezani kabla sijaanza. Kaa nikueleze kwa nini, ndugu yangu, maana pale darasani hapakuwa na wa kumweleza.

Shule yetu ilikuwa ukingoni mwa kambi. Sisi watoto wa Kiturkana tuliingia kwa lango la upande wa laga, mto wetu wa mchanga unaojaa mvua ikinyesha tu, watoto wa wakimbizi kwa lango la upande wa kambi, tukakutana kwenye sufuria moja ya uji ulionuka moshi. Mifukoni tulibeba makoma, yale matunda magumu ya mkoma, tukayatafuna kwa siri mpaka mwalimu akauliza nani ameleta mbuzi darasani. Mimi nililelewa na nyanya yangu, niliyemwita ata kama watoto wote wa kwetu. Alichoma makaa, akayabeba kambini, akarudi na unga. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuteka maji, na nilifika shuleni shingo ikiniuma kwa uzito wa mtungi.

Kwenye dawati langu nilikaa na msichana kutoka Kongo. Kwao ulipajua kabla hujapaona, kwa mlio wa kinu mama yake akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mama huyo hakuniruhusu kupita bila kula. "Kula, mutoto wangu," aliniambia, "masomo haiingiake mu kichwa kama tumbo iko wazi." Nikakaa naye mkekani, nikachovya fufu, ugali wao wa muhogo, nikasahau kwamba nilitumwa kuni.

Mwalimu wetu wa somo la Jamii alikuwa kijana mgeni, mtu wa magharibi mwa Kenya, ambaye jua letu lilimchubua pua. Alipenda kusema, "Serikali ni nyinyi. Kitu kikiharibika, ulizeni ni kazi ya nani, kisha mwende mumwambie." Mimi nilimeza maneno hayo kama katekisimu. Lakini jirani yangu wa dawati aliyameza zaidi. "Kwetu serikali ikikuja, siye tunakimbia," alininong'oneza siku moja, macho yamemtoka. "Hapa weye unaenda kuiuliza maulizo, na inakujibu?" Nilimwambia ndiyo, inajibu. Niliamini hivyo kabisa.

Basi tulipofika darasa la saba, mwalimu akatupa mradi: chagueni tatizo la hapa, mchunguze ni jukumu la nani. Mimi na rafiki yangu huyo wa dawati tukachagua pampu. Ilikuwa pampu ya mkono, katikati ya kijiji chetu na kambi, na ilikuwa imekufa. Wanawake wa pande zote mbili walirudi kuchimba mchanga wa laga, na kiangazi kilivyozidi ndivyo mashimo yalivyozidi kwenda chini. Kila jioni baada ya shule tulizunguka tukiuliza watu swali moja: nani hutuletea maji? Ata alicheka mpaka akakohoa. "Miguu yangu," akasema. Mzee wa kijiji alitutuma kambini. Afisa mmoja wa kambini, mtu mpole aliyetupa hata biskuti, akasema pampu iko upande wa wenyeji. Tulipomuuliza karani wa wenyeji, akasema waliokuwa wakiitumia sana ni wakimbizi. Rafiki yangu alisikiliza yote bila kukata tamaa. "Bado hatuyafika kwa mukubwa," alisema.

Tukafinyanga Kakuma yote kwa udongo juu ya ubao: laga, kambi, vijiji, na pampu katikati tuliyoipaka rangi nyekundu. Kazi ile ilichaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya shule mjini Lodwar. Tulisafiri nyuma ya lori, tukiupakata ubao magotini usivunjike, tukimeza vumbi, tukiimba. Lodwar ilitushangaza kwa maofisi yake na pikipiki zake. Mgeni rasmi, mkubwa wa ofisi ambayo sitaitaja, alisimama mbele ya udongo wetu. Rafiki yangu ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili cha shuleni alichokifanyia mazoezi juma zima. Hakukosea hata neno. Yule mkubwa akainama, akamshika mkono.

"Binti," akasema kwa kipaza sauti, "hiyo pampu hesabu kuwa imeshatengenezwa. Kabla muhula huu haujaisha maji yatatoka."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu wetu alifuta macho, akasingizia vumbi.

Tuliporudi tulitangaza habari hiyo kila mahali. Akina mama walitubusu. Ata, ambaye hakuwahi kuamini mtu aliyevaa tai, alikwenda kuifagia pampu ile, akaondoa miiba iliyoizunguka. Hata baada ya muhula kwisha aliendelea kuifagia. Hakuja fundi wala gari. Mwalimu alipiga simu mpaka zikaacha kupokelewa, akapanda pikipiki kwenda Lodwar kwa nauli yake, akarudi akatuambia tuvumilie. Kiangazi hakikuvumilia. Mashimo ya laga yakawa ya kina cha kumfunika mtu, mmoja akishuka chini, mwingine akipokea maji juu kwa karai.

Asubuhi moja tulikuwa bado kwenye uji tuliposikia mayowe. Tulikimbia. Ukingo wa shimo ulikuwa umebomoka, na wanawake walikuwa wakichimbua mchanga kwa masufuria, kwa mabeseni, kwa vidole. Ata alikuwamo, kucha zinamvuja damu, akiita kwa Kiturkana jina la mwanamke ambaye hakuwa na lugha moja ya kuzungumza naye. Walipomtoa mama wa rafiki yangu, kitenge chake kilikuwa kimejaa mchanga mzito kama gunia la unga, na hakupumua tena.

Rafiki yangu hakulia siku ile. Alilia darasani, baada ya matanga, mwalimu alipoingia na kitabu cha Jamii. Alisimama. "Mwalimu, ulisema tuulize ni kazi ya nani. Tukauliza. Ulisema twende tumwambie. Tukamwambia. Sasa miye niende wapi?"

Mwalimu alikifunga kitabu. Kisha akatoka nje, tukamwona dirishani amesimama juani kichwa kimeinama. Muhula uliofuata alihamia kwao, na somo lile tukafundishwa na mtu aliyetusomea kitabu tu.

Rafiki yangu aliacha shule kuwalea wadogo zake. Nilipitia kwao mara chache, kisha nikapata nafasi ya sekondari Lodwar. Safari hii ya mazoezi nilimtafuta. Penye nyumba yao sasa pana familia ya Kirundi. Mama mwenye nyumba aliniambia posho ilipopunguzwa watu wengi waliondoka, wengine Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini, wengine hata hawakuaga. Huyo msichana hakumjua.

Ata naye hayupo tena, na sauti ya kinu kile sijaisikia kwingine kokote. Uchaguzi uliopita nilipiga kura yangu ya kwanza, hapa Lodwar. Nilipanga foleni na wenzangu wa chuo waliokuwa wakibishana kwa furaha, nikatia alama mahali pa kutia alama, nikatoka na wino kidoleni. Wenzangu walipiga picha vidole vyao. Mimi nilisimama kwenye kivuli cha ukuta, nikitamani kumwonyesha mtu mmoja tu, ambaye hakuna serikali iliyowahi kumwomba kura, na ambaye aliiamini yetu kwa dhati kuliko sisi wote. Sikujua hata nielekee upande gani wa barabara kumtafuta.