Lori Lenye Adabu

Mimi ndiye niliyebuni programu ya simu ya lori linalojiendesha, lile tulilolijaribu Kaisho. Kwa kuringia malezi yangu, nikaiwekea sauti yangu mwenyewe: imwamkie dereva kwanza, na akishaitikia ndipo impe onyo. Nikasahau kwamba dereva wetu, Deo, ni mdogo wangu wa mwisho.

Kwenye kona simu ikasema, "Shikamoo."

Deo akanigeukia akicheka. "Kaka, mimi nikuitikie wewe marahaba?"

"Shikamoo," simu ikarudia, na lori likaingia polepole kwenye kibanja cha watu, likakwama katikati ya migomba.

Bosi wangu, aliyetufuata kwa pikipiki, akafika pamoja na bibi mwenye kibanja.

"Shikamoo," simu ikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bibi.

"Dereva, shika usukani. Mbele kuna migomba."