Waliponiita Mke wa Mwalimu

Sauti ya solotepu ikivutwa haikomi nyumbani kwa binti yangu hapa Guangzhou. Ananunua nguo soko la jumla la Shisanhang, tunazifunga marobota sebuleni, zinakwenda Dar. Juzi, katikati ya kelele hiyo, nikasikia neno geni. Mjukuu wangu Raya, aliyekuja likizo kutoka London, alimwambia mjukuu mwenzake Nuru, aliyeinamia daftari lake la Kichina: "Neek wewe!" Nuru akalifunga daftari.

Nikamuuliza Raya maana yake.

"Bibi, ni mtu wa kusoma tu, hana mpya. Utani huo."

Utani. Mimi niliitwa Mke wa Mwalimu.

Nilikuwa darasa la tatu, Tanga, katika shule ya kuta za chokaa iliyonuka mafuta ya nazi ya vichwa vyetu. Mwalimu wetu alikuwa na desturi yake. Anauliza hesabu, waliokosa wanasimama mstari, aliyepata anapita akiwazaba vibao mmoja mmoja. Ukizaba kwa huruma, anakuonyesha kwenye shavu lako mwenyewe kibao kinavyozabwa. Sasa mimi hesabu nilizijua, nisiseme uongo. Kila siku nikawa napita, na wa kwanza mstarini mara nyingi ni Zuhura, shoga yangu wa nyumba ya pili.

Mapumziko yakifika, huyo Zuhura ndiye anayeanza: "Mke wa Mwalimu huyooo! Kampikie mumeo!" Wenzake wanaitikia. Kwenye mchezo wa rede hawakunichukua tena.

Nikaanza kukosa makusudi. Nikazabwa na mimi, shavu likawaka moto, na siku hiyo hiyo nikaitwa kucheza. Nikaona nimepata dawa.

Mwaka uliofuata ukaja mtihani wa darasa la nne, ule wa kuchuja wa kwenda la tano. Nikajisemea: tukifaulu, mwalimu huyu atatupanga uwanjani tuwazabe waliofeli, wazazi wanatazama. Nusu ya hesabu nikaziacha wazi, nikakaa nachonga penseli.

Majibu yalisomwa tu. Hakuzabwa mtu. Zuhura aliitwa, akapiga vigelegele peke yake. Mimi sikuitwa. Mama hakugomba, alinipa mchi, akasema, "Haya, kinu hakina mtihani."

Zuhura alikuja kuniaga na sare mpya, akalia kuliko mimi. Nikakataa kumpa mkono.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilikuwa na watoto watatu ndipo nikaelewa. Wale wasichana hawakuzichukia hesabu zangu. Mashavu yaliwauma, na mwenye kuwaumiza alikuwa mtu mzima, ana fimbo mezani. Mimi nilikuwa wa kimo chao. Walinitukana mimi kwa sababu yeye hawakuthubutu kumtukana. Nami, kwa kutaka kuwapoza, nikajifelisha mwenyewe.