Mkasi Kwenye Simu ya Fundi

Fundi wa makochi alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, kabla hajajua kusema hata "mama". Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kimejaa sponji, spiringi na makochi yaliyovuliwa nguo yakabaki mbao tupu. Kochi bovu alilikalia mara moja tu. Alifumba macho, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, kisha akaweka kidole pale pale spiringi ilipokatika. Wateja walielewana naye kwa vidole na kwa kutikisa kichwa, na kazi yake haikurudishwa.

Nyumbani aliishi na mama yake na dada yake mkubwa, msusi mwenye saluni mtaa wa pili. Walikuwa na ishara zao za kifamilia: chakula, lala, mvua, njoo, hapana, mgonjwa. Zilitosha kuendesha nyumba. Utotoni aliwahi kupelekwa shule ya bweni ya viziwi, na likizo ya kwanza alirudi mikono haitulii, kama mtu aliyejaa maneno mpaka shingoni. Mama alimtazama, akacheka, akampa sahani yake ya chakula. Baada ya likizo chache mikono ile ikatulia, na hakuna aliyejiuliza maneno yalikwenda wapi.

"Mwanangu hana makuu," mama alipenda kuwaambia wageni. "Hata maneno hana, maskini." Jioni walimwona sebuleni na simu yake, akitabasamu peke yake. Walidhani anaangalia vichekesho.

Siku moja alianguka karakanani, ameshika tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo, na kesho yake mchana dada yake alimkuta kitandani akihangaika, jasho linamtoka. Dripu ilikuwa imewekwa kwenye mkono wa kulia na kufungwa bandeji mpaka vidoleni. Mkono wa kushoto ulikuwa na mkanda wa kupimia presha. Alijipinda, alipiga godoro, alijaribu kuing'ata ile bandeji.

"Dada, mwambie atulie," nesi alisema. "Akichomoa dripu tutaanza upya. Akiendelea hivi itabidi tumfunge mikono, na mimi sipendi kumfunga mtu."

Msusi alimwonyesha: lala. Akamwonyesha: mgonjwa, hapana. Mdogo wake alimtazama usoni kwa muda, kisha akafumba macho, na machozi yakateremka kuelekea masikioni.

"Anasema nini?" nesi aliuliza.

"Sijui," msusi alijibu. Neno lile lilimtoka jepesi, halafu likamrudia zito. Miaka yote hiyo chini ya paa moja, na hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Lazima yupo mtu anayemwelewa, aliwaza. Simu ya mdogo wake alikuwa nayo ndani ya mkoba tangu alipolazwa. Akaifungua, mchoro wa kufungulia aliujua, maana fundi hakuwahi kuuficha. Ndani alikuta ujumbe mpya kutoka kila upande, makundi na watu, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwa jina. Kulikuwa na vipicha tu: mwezi, miwani, tembo, mkate, mkasi. Angeanza na nani?

Saluni yake ilikuwa na elimu ambayo haifundishwi shuleni. Mteja mmoja, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nywele, aliwahi kuwaeleza wenzake namna ya kumjua anayechati na mume wako. "Meseji atafuta, usihangaike nazo. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya hifadhi. Anayeongea naye sana utamkuta amekaa juu kabisa, maana picha na video zake ndizo zilizoijaza simu." Ndoa moja ilivunjika kwa elimu hiyo, na nyingine ikapona. Msusi hakuwahi kudhani kwamba yeye naye ataihitaji, tena wodini.

Aliingia humo. Juu kabisa alikuwa amekaa Mkasi. Peke yake alikuwa amekula zaidi ya nusu ya simu. Msusi akashuka chini, chini zaidi, akakuta kipicha cha kichwa cha mwanamke mwenye nywele ndefu, na namba iliyokuwa hapo ilikuwa yake mwenyewe. Nimefika. Mama anakuita. Njoo na mkate. Ndiyo yote waliyowahi kuandikiana.

Alirudi kwa Mkasi, akafungua video moja. Alikuwa fundi mwenyewe karakanani, simu ameiegemeza kwenye robota la kitambaa. Mikono ilikwenda, nyusi zikapanda, mabega yakageuka. Mara akawa mama mnene anayekaa kwa madaha, mara akawa kochi linalokubali yaishe, mara akawa mume aliyesimama pembeni akijifanya anaangalia dari. Msusi hakujua alama hata moja, lakini lile kochi alilielewa. Alicheka. Mdogo wake wa namna hii hakuwahi kumwona. Chini ya video hiyo ilikuwepo nyingine, na nyingine, zikirudi nyuma miaka mingi.

Akaandika: "Mimi dada yake. Yuko hospitali. Hatumwelewi. Tafadhali."

Jibu lilikuja kabla hajashusha simu. "Wewe Nywele?"

Alilitazama neno lile. "Ndiyo," akaandika. "Nywele."

Simu ikaita kwa video. Alitokea mwanamke mzee, futi ya kupimia shingoni, cherehani nyuma yake. Msusi akaigeuza simu kumwelekea mgonjwa, na nesi akaufungua mkanda wa presha ili mkono wa kushoto uwe huru. Fundi aliuinua mkono huo mmoja, akaanza kusema. Yule mwanamke alimjibu taratibu, uso wake ukimsikiliza. Kisha akaandika: "Mkono wa dripu unawaka moto. Tangu asubuhi. Anawaambia, hamwoni."

Nesi alifungua bandeji haraka. Mkono ulikuwa umevimba na kukaza. Dawa ilikuwa imetoka kwenye mshipa na kujaa chini ya ngozi. "Pole, kaka," alisema, akimgusa bega. Akaihamishia dripu mkono wa pili, juu ya kifundo cha mkono, na vidole akaviacha wazi.

Ujumbe mwingine uliingia. "Anauliza mama amekula?"

Msusi aligeukia dirishani kwanza, mpaka alipoweza kumwonyesha mdogo wake kwamba ndiyo.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Mkasi alikuja mwenyewe, na hakuja peke yake. Alikuja na mchora mabango, na mume na mke wenye mtoto mgongoni, na mwoka mikate ambaye alikuwa anasikia, ila amelelewa na wazazi viziwi. Wakakizunguka kitanda. Mikono ikaanza, na wodi nzima ikanyamaza kuwatazama. Fundi aliwasihi wasimchekeshe, nyuzi zitakatika, halafu yeye mwenyewe ndiye aliyewachekesha, mpaka Mkasi akajishika ukuta.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, chupa ya chai mapajani, ameisahau. "Huyu ni mwanangu?" alimuuliza msusi kwa sauti ya chini.

"Huyu, mama," mwoka mikate alisema. "Kwetu anaitwa Nyusi. Akisimulia yeye, hakuna anayetaka kurudi nyumbani."

"Muulize," mama alimwambia, " miaka yote hii alikuwa anataka kuniambia nini?"

Swali likapita kwenye mikono. Fundi alifikiri, akajibu, na mwoka mikate akatafsiri. "Anasema ni mengi, mama. Anauliza aanzie wapi."

"Aanzie popote."

Mikono ilikwenda kwa muda mrefu. Mwoka mikate akajikaza asicheke. "Anasema aanze na kochi lako la sebuleni, ulilomkataza kuligusa. Kuna spiringi inamchoma kila jioni. Amevumilia kwa heshima tu."

Mama aliweka kiganja mdomoni, akacheka mpaka chupa ikadondoka.

Fundi alipopona, msusi akawa anapita kwa Mkasi baada ya kufunga saluni, akijifunza. Vidole vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima vilikuwa vizito kama mbao. Aliwahi kumwambia kwa alama mteja kiziwi wa mdogo wake kwamba kochi limefariki, badala ya limekamilika, na fundi akaomba arudie, mbele ya watu.

Jumamosi moja alimchukua mama yao wakaenda kwenye ukumbi wanakokutana viziwi. Fundi alikuwa amesimama mbele, ameshavua koti, akisimulia. Msusi aliokota alama chache, mvua, mlango, bibi, nyingine zikampita kama kundi la ndege. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na hakuna aliyeangalia pengine. Kicheko kilianzia safu za mbele, kikarudi nyuma, kikawapita wao wawili.

Mama alimvuta mkono. "Amefika wapi?"

"Bado yuko njiani," msusi alisema, macho hayabanduki. "Tazama tu, mama."