Nguo za Gopal

Harufu ya udi na maziwa moto ndiyo iliyotupokea mlangoni kwa Ba, mjini Lilongwe, msimu ule wa baridi nilipokuwa na miaka tisa. Ba alikuwa bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, na alimpenda mama kwa sababu waliweza kuzungumza Kiswahili. Mama alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Tuliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya mji. Mara ya kwanza Ba alimwagiza nguo akionyesha kiganja: "Mtoto wangu ni mdogo hivi, na baridi imeanza." Mama akadhani ni mjukuu, mtoto njiti. Maskini mama! Alishona kikoti cha flana siku mbili bila kuinua kichwa, akimwombea huyo mtoto kwa jina la Yesu kila alipokata uzi.

Siku ya kukipeleka, mama alinawa mikono ili ambebe mtoto. Ba akatoka na sanamu ya shaba: Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mchanga anayetambaa, ambaye Ba alimwita Gopal. Akatueleza bila haya kwamba kila asubuhi humwamsha, humwogesha, humvisha, humpa maziwa kabla yeye mwenyewe hajagusa chai, na mchana humlaza kwenye kitanda chake cha kubembea. Mimi nilibana kicheko. Mama hakucheka. Alimvisha kile kikoti, akafunga vifungo polepole, akalia. Mdogo wangu alizaliwa njiti kule kambini, akafa akiwa amefungwa kitenge tu, kabla mama hajamaliza kumshonea nguo ya kwanza. Nyumbani hatukumtaja kamwe. Kwa Ba, mama alitamka jina lake: Baraka.

Tangu hapo akawa anamshonea Gopal kila mwezi, na nikaanza kumsikia akiimba tena kwenye cherehani. Lakini mimi na mdomo wangu! Jumapili moja niliwaringia watoto wenzangu kanisani, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: "Mama yangu njo anashonaka manguo ya Mungu!" Wiki haikuisha, wazee wawili wa kanisa wakaja kwetu.

"Mama Neema, ni kweli unavalishaka sanamu?"

"Ni kweli."

"Basi uchague."

Hao ndio waliomchimbia Baraka kaburi. Hatukuwa na ndugu wengine Malawi nzima. Mama akachagua kanisa, na kwa Ba hatukurudi tena. Hakuwaambia wazee kwa nini alikuwa akishona, nami niliyejua nikanyamaza, mimi yule yule mwepesi wa kusema.

Siku hizi nakaa Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, na kanisani bado nasikia watu wa sanamu wakisemwa. Zamani niliitikia amina. Sasa nashindwa, kwa maana pale kwa Ba nilimwona mama yangu akifarijiwa, na sikuona hivyo kwingine. Nilipojifungua binti yangu, nilimpelekea mama kitambaa cha flana. Alikipapasa, akanirudishia.

"Enda ununue ku duka, mwanangu. Mi sishonake tena manguo ya batoto."

Hajawahi kunigombeza. Afadhali angenigombeza.